Kisanduku cha Baba

Jumatatu, 6 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana tangu nihamie Kigoma. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya kazi, lakini kazi ina daftari lake tayari, kwa hiyo hili nitalifanya la umbea wangu mwenyewe. Nijieleze kidogo, ili nikilisahau kwenye kiti cha basi atakayeliokota ajue ni la nani. Naitwa Edina, mwenyeji wa Singida, fundi wa maabara, nimepanga chumba Rusimbi. Ugonjwa wangu mkubwa ni kutaka kujua. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa anazificha barua zake ndani ya pipa la mtama, na bado nilizipata.

Kazi yenyewe ni kinyesi cha kima. Watu wakiniuliza natabasamu na kusema "utafiti". Ndani ya kinyesi kuna chembe za mwili wa mnyama, ndani ya chembe kuna vinasaba, na ndani ya vinasaba kuna kitu kilichonifanya niipende kazi hii tangu chuo: mabaki ya virusi. Zamani sana, miaka milioni kadhaa iliyopita, kirusi fulani kilimwambukiza mnyama, kikajipachika hadi kwenye mbegu zake za uzazi. Mtoto akazaliwa nacho, naye akamrithisha mwanawe. Makali yakaisha, alama ikabaki pale pale. Hata sisi watu tunazo, kama sehemu nane katika kila mia ya urithi wetu. Ukikuta alama ileile mahali palepale kwa wanyama wawili, ujue wana babu mmoja. Hakuna mtu aliyeandika ukoo huo, na bado unasomeka.

Alhamisi, 9 Novemba

Migebuka, samaki wa ziwa hili, kwa ugali wa muhogo. Nimekula mpaka nikaona aibu.

Jumanne, 14 Novemba

Leo nimemfundisha Mzee Elikana kujaza fomu mpya. Mzee Elikana ndiye mfuatiliaji wetu. Anapanda boti pale Kibirizi, anakwenda msituni upande wa kaskazini, anakaa siku kumi, anarudi na vichupa vya kinyesi na matope mpaka masikioni. Ana miaka ishirini na mbili katika kazi hii. Kila kima amempa jina, na akiwataja utadhani anataja majirani zake wa Kasingirima.

Fomu niliichora mwenyewe na ninaipenda: namba, mahali, jina la mnyama, mama, baba. Mzee aliiangalia muda mrefu, miwani kwenye ncha ya pua.

"Hapa pa baba niandike nani?"

"Andika baba yake, mzee."

"Ego," akaitikia kwa Kiha, akaikunja, akaiweka mfukoni. Niliona ni swali la kizee. Moyoni nilimcheka kidogo.

Binti yake, Leonia, ndiye anayepokea vichupa na kutunza mafaili yetu ofisini. Ana miaka ishirini na nne, na hakuna karatasi inayopita mlangoni bila yeye kuisoma. Mama yake alishafariki. Wanaishi wawili tu, na mzee akiwa msituni Leonia huchungulia wingu kila saa.

Jumanne, 28 Novemba

Umeme umekatika mara nne. Nimefua.

Jumanne, 5 Desemba

Leonia ni mwenzangu kwa maswali. Leo tulikaa na chai nikamweleza kwamba sokwe wana alama fulani ya kirusi cha zamani, nyani wanayo pia, lakini binadamu hatuna hata moja. Kirusi kile kiliwapata wao, sisi kikatupita.

"Tulikuwa wapi?" akauliza.

Nikasema hakuna ajuaye. Labda tulikuwa mbali nao, labda miili yetu ilijua kujikinga.

Nikamwongezea na la kondo la nyuma. Ile ngozi inayomuunganisha mtoto na mama tumboni hujengwa kwa msaada wa kitu ambacho zamani kilikuwa sehemu ya kirusi. Kirusi kilikitumia kujibandika kwenye chembe, mwili ukakichukua ukakipa kazi nyingine.

Leonia aliweka kikombe chini. "Dada Edina, yaani kitu kimekuja kama mgeni, tena mgeni mbaya, halafu kikawa ndicho kinacholea?"

"Ndiyo."

"Basi hicho si mgeni tena."

Niliandika maneno yake kwenye kiganja ili nisiyasahau.

Jumanne, 12 Desemba

Wote tunaoshika vichupa tumetoa mate: mimi, Leonia, Mzee Elikana na Daktari Theophil, mkuu wetu, Mhaya mwenye mashati yaliyonyooka hata mvua ikinyesha. Sababu ni kwamba mtu akipiga chafya juu ya kichupa, mashine inaweza kusoma mtu badala ya kima. Tukijua alama zetu tutajitoa kwenye matokeo. Tumesaini karatasi kwamba mate ni kwa kazi hiyo tu. Majina yamewekwa namba, na orodha ya namba ninayo mimi.

Jumatano, 27 Desemba

Krismasi imepita. Ziwa limezidi kupanda pale Kibirizi, wauza dagaa wamesogeza vichanja vyao nyuma tena.

Jumanne, 9 Januari

Jambo la ajabu.

Msituni kwetu kuna kima wa aina mbili. Mmoja ana mkia mwekundu na doa jeupe puani. Mwingine ni mkubwa zaidi, wa kijivu, hana doa. Tuna alama moja tunayoiita kumi na saba: kijivu wote wanayo, mkia-mwekundu hana hata mmoja. Leo nimepima mtoto wa mkia-mwekundu anayeitwa Kagoma. Kwenye fomu mama ni Nyamwiza, baba ni Mwami, dume la kundi lile, wote wawili mkia-mwekundu. Kagoma anayo alama kumi na saba! Tena anayo nusu. Kila kiumbe ana nakala mbili za urithi, moja ya mama na moja ya baba, na kwa Kagoma nakala moja ina alama, nyingine haina.

Nilirudia. Imekuja ileile.

Jumanne, 16 Januari

Daktari Theophil anasema mzee amechanganya vinyesi vya wanyama wawili kwenye kichupa kimoja, na hilo nalo lingetoa picha kama ile. "Umri," akasema, akigonga kichwa chake kwa kidole. Kazi ya mzee imo mashakani. Mkataba wake unaisha na mvua, na Daktari hana hamu ya kuuendeleza.

Mimi nilikubaliana naye. Naandika hapa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilisema, "Kweli, Daktari, hata fomu aliielewa kwa shida."

Leonia alikuwa mlangoni na mafaili.

Jumatano, 24 Januari

Nimetoka msituni. Miguu si yangu.

Daktari alitaka kinyesi cha Kagoma kilichochukuliwa kwa mkono wangu. Basi Jumapili tukapanda boti, mimi na Mzee Elikana. Nilitapika mara mbili kabla ya kuvuka ghuba ya kwanza. Mzee alinishikia mkoba akaangalia upande mwingine kwa adabu. Mvua ilitupiga siku mbili mfululizo, na huyo mtu anatembea kwenye mteremko wa matope kama anakwenda kanisani. Anasimama, ananusa, anasema "wamelala hapa jana", na kweli wamelala hapo. Umri? Kule mzee nilikuwa mimi.

Jana asubuhi alinishika bega na kuelekeza mkono juu. Nyamwiza alikuwa ameketi kwenye tawi, karibu yake mtoto. Nikaweka darubini machoni. Doa la puani kwa Kagoma lilikuwepo na halikuwepo, mfano wa chaki iliyofutwa kwa kiganja. Mkia mwekundu nusu, kijivu nusu. Mwili mkubwa kuliko wa wenzake. Kichupa hakikuwa kimechanganywa. Mtoto mwenyewe ndiye mchanganyiko.

"Mzee, baba yake ni kijivu!"

"Ee. Yule wa ng'ambo ya korongo. Alikuja mwaka juzi, mvua kama hizi."

"Ulimwona?"

"Nina macho."

"Sasa mbona uliandika Mwami?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kazaliwa kwa nani?"

"Kwenye kundi la Mwami."

"Basi."

Nikataka kuendelea, lakini Mwami mwenyewe alishuka tawi. Kagoma akamwendea, akajiegemeza kwake, yule dume akaanza kumchambua manyoya ya mgongoni, taratibu, bila haraka yoyote. Tulitazama mpaka kinyesi kikadondoka. Nikakiokota kwa mkono wangu.

Jumanne, 30 Januari

Alama kumi na saba, nusu. Ni chotara. Kirusi kilichoacha alama kwa kijivu peke yao sasa kinapita kwenda ukoo mwingine, na sisi tumekikuta njiani. Nilirukaruka maabarani peke yangu.

Daktari alifurahi dakika tano. Kisha nikamweleza kwamba mzee alimwona yule kijivu, naye akavuta fomu. "Kwa hiyo alijua. Alijua, na akaandika uongo." Hilo kwake ni baya kuliko kuchanganya. Ameandika barua: Mzee Elikana aeleze kwa maandishi kwa nini alijaza baba asiye baba, la sivyo mkataba utaisha na mvua. Daktari si mtu mbaya. Anauliza ni fomu ngapi nyingine ziko hivyo, na hilo ni swali la haki.

Alhamisi, 1 Februari

Mzee amekataa kuandika. Hakubisha, hakukasirika. Ameikunja barua na kuiweka mfukoni. Ni ukaidi wa nini huu, wakati mistari mitatu ingetosha?

Jumanne, 6 Februari

Nimefanya jambo la kijinga, na siwezi kulirudisha.

Mashine ilikuwa na nafasi nne tupu. Mate yetu yalikuwa kwenye jokofu. Kuna alama moja ya zamani ambayo baadhi ya watu wanayo na wengine hawana, na mimi nilitaka tu kujua kama ninayo. Kwa kuwa nafasi zilikuwa nne, nikaweka wote wanne.

Mimi ninayo moja. Daktari hana. Nikacheka. Kisha nikafungua orodha ya majina, ambayo sikuwa na sababu ya kuifungua. Mzee Elikana anayo kwenye nakala zote mbili, kwa hiyo kila mtoto wake lazima apate walau moja. Leonia hana hata moja.

Nilirudia mara tatu, nikiomba nimekosea. Sikukosea.

Tulisaini karatasi. Niliwasomea mwenyewe kwa sauti kwamba mate ni kwa kazi moja tu. Najichukia leo.

Ijumaa, 9 Februari

Leonia kaniletea chapati. Sikuweza kumwangalia usoni.

Jumanne, 13 Februari

Nilimfuata Mzee Elikana Kibirizi asubuhi. Boti zilikuwa zimezuiwa na mawimbi, wapagazi wamekaa, wanawake wamefunika dagaa kwa maturubai na wanaitukana mvua kwa Kiha. Mzee alikuwa chini ya bati la mama ntilie. Nikamwamkia, nikaketi.

"Mzee, naomba uandike. Andika tu kwamba kwenu mtoto ni wa boma alimozaliwa. Daktari ataelewa."

"Wa urugo," akanisahihisha. "Ee, mtoto ni wa urugo. Kwetu huulizi zaidi ya hapo. Kuuliza ni kumvunjia mtu nyumba."

"Si ndiyo hayo uyaandike?"

"Barua ikifika ofisini inapokelewa na nani?"

Inapokelewa na Leonia. Inasomwa na Leonia.

Mzee alianza kusema akitazama ziwa.

"Nilikuwa Kibondo, kwenye kambi za wakimbizi, kazi za kupakua chakula. Nilikaa mwaka na miezi miwili bila kurudi. Niliporudi nilikuta mtoto ana wiki tatu. Mke wangu alikaa chini akasubiri niseme. Mtoto alikuwa anakohoa. Nilimbeba nikampeleka kliniki. Nesi akashika kadi akauliza, baba ni nani? Nilikuwa nimesimama pale pale, mtoto nimemshika mimi. Nikamtajia jina langu. Mpaka leo sijawahi kuona kwamba nilidanganya. Sasa Daktari anataka niandike kwamba kujaza vile ni uongo. Nikiandika, msichana wangu atasoma, atajiuliza baba yake ameyajulia wapi haya, kwa nini ameyakazania. Ana akili yule. Bora kazi iishe."

Nikasema nimeelewa. Akageuka akanitazama, na nikaona uso wake unabadilika polepole.

"Hukushtuka," akasema.

"Mzee?"

"Wewe unayepiga kelele mgebuka ukigeuka sufuriani. Nimekwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, na hukushtuka." Akavua miwani. "Yale mate."

Nilitamani ziwa linimeze. Nikasema ndiyo, nilichungulia, hakuna aliyenituma. Sikutafuta sababu ya kujitetea. Hakunigombeza, na laiti angenigombeza! Alisema tu, "Usimwambie," akaenda kukaa benchi la mbali, peke yake, hadi mvua ilipopungua.

Jumatano, 14 Februari

Sikwenda kazini. Nimesema tumbo.

Jumanne, 20 Februari

Nimeandika barua kwa Daktari Theophil, kurasa mbili, nimeipeleka kwa mkono wangu. Nimesema fomu ni yangu na kosa ni langu. Niliandika neno "baba" bila kueleza kama nataka dume linalolea au dume lililozaa, nikamwambia mtu wa hapa, mbele ya swali lake la wazi, ajaze tu. Alijaza kwa jinsi neno hilo linavyotumika kwao, na alijaza sawasawa. Kama ningemuuliza nani alimpanda Nyamwiza, angeniambia siku na saa.

Kisha nikaandika la pili, kwa sababu halikuwa linaniacha nile. Kwamba nimepima mate ya wafanyakazi nje ya ruhusa waliyotoa, kwamba nimeyaharibu yote pamoja na matokeo, na kwamba sitamwambia mtu yeyote nilichokiona, yeye akiwemo.

Alisoma amesimama. Alipofika ukurasa wa pili alikaa.

Jumanne, 5 Machi

Majibu. Nimepewa onyo la maandishi, nimeondolewa kwenye kazi zote zinazogusa sampuli za watu, na mkutano wa Dodoma niliokuwa niende kueleza habari ya Kagoma atakwenda Daktari. Hilo limeniuma, sitadanganya. Mzee Elikana anaendelea na kazi. Daktari alimwita, wakakaa na fomu zote za msimu, na mzee akamtajia kwa kichwa kila mtoto na dume aliyemzaa. Katika arobaini na moja, saba ni wa madume ya nje. Daktari alitoka pale akiwa ameloa jasho shati zima, na furaha imemjaa.

Fomu sasa ina visanduku viwili: dume la kundi, na dume aliyezaa kwa mujibu wa vipimo.

Barua zote, ya kwangu na ya onyo, zimeingia kwenye faili. Faili liko kwa Leonia.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Mzee ananisalimia, haongezi neno.

Jumanne, 2 Aprili

Pasaka imepita. Leo Leonia alifunga mlango wa stoo nyuma yake nilipokuwa nahesabu vichupa. Mkononi hakuwa na kitu.

"Dada Edina, ulipima mate yetu."

Nikasema ndiyo. Nikaomba radhi, maneno yakatoka ovyo.

"Sikuulizi uliona nini," akasema. "Nakijua. Mama aliniambia alipokuwa anaumwa, nikiwa kidato cha tatu. Jina la mtu, kijiji, kila kitu. Nilikasirika wiki nzima. Halafu baba akarudi kutoka msituni, amenibebea matunda ya porini kwenye kofia, yameiva mpaka yamepondeka, na kofia imeharibika." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Hajui kama najua. Usije ukamwambia. Ataanza kunitazama akijiuliza kama namhesabu vingine. Sitaki aamke siku moja asijue akae vipi kwenye nyumba yake."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Anaondoka lini tena?" akauliza, mkono kwenye kitasa.

"Keshokutwa."

"Muulize kama amenunua koti jipya la mvua. Mimi nikimuuliza anasema ndiyo, ndiyo, na ni uongo."

Akatoka. Nikakaa juu ya boksi la vichupa. Miaka yote nimekimbilia kujua mambo, na nikishayajua nayamwaga kwa wa kwanza kukutana naye. Sasa nimepewa mawili, moja na kila upande, na ningeweza kuyaunganisha kwa sentensi moja. Nilikaa pale nikalia, sijui kwa furaha au kwa nini.

Alhamisi, 4 Aprili

Nilimsindikiza Mzee Elikana hadi Kibirizi na boksi la vichupa. Mvua imeanza kupungua, ziwa lilikuwa limetulia, wanawake wameanua maturubai. Nahodha alikuwa anapiga kelele watu wapande. Mzee aliweka mguu mmoja ndani ya boti, akasita. Kwa mara ya kwanza tangu Februari aliniangalia machoni.

"Ile barua yako. Leonia aliisoma?"

"Aliisoma, mzee."

"Akasema nini?"

Nahodha akaita tena. Nikatafuta neno la kweli lisilofichua siri ya yeyote kati yao.

"Alisema nikuulize kama umenunua koti jipya la mvua."

Akajitazama, koti lilelile la zamani, kwapa limepasuka. Akacheka, kicheko kilichomtoka tumboni, mpaka wapagazi wakageuka.

"Mwone huyo," akasema, akipanda. "Kwa wasiwasi, kanirithi mimi mtupu."

Nikamwambia ndiyo, mzee, hata mimi nimeona.